Saruji Niliyomletea Baba

Baba yangu alikuwa fundi mwashi mjini Kasulu, na alijenga kwa udongo. Nikiwa shule ya msingi hilo ndilo lililonikera kuliko kitu kingine chochote. Baba za wenzangu walikuwa walimu, madereva, wenye maduka. Wa kwangu alirudi jioni na tope jekundu mpaka kwenye nyusi, na huko alikotoka ameacha ukuta uliosimama kwa tope hilohilo.

Asiyezijua nyumba zetu atadhani nasema vibanda vya miti. Sivyo. Matofali yetu ni ya kuchoma, mekundu, yanatoka kwenye tanuri yakiwa magumu. Ila katikati ya tofali na tofali, badala ya saruji, fundi anaweka udongo wa kichuguu uliokandwa vizuri, kisha anaziba viungo vya nje kwa saruji kidogo ili mvua isipenye. Ukipita barabarani huoni tofauti. Nyumba nyingi za Kasulu zimesimama hivyo tangu sijazaliwa, na nilipohamia Kibondo nikazikuta na huko. Wengi wanajenga hivyo kwa sababu saruji ni ghali. Nilidhani baba naye ni hivyo, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kiburi, umaskini wa baba niliuona kama tusi nililotukanwa mimi.

Kwa hiyo nilipoajiriwa unesi katika kituo cha afya kule Kibondo, jambo la kwanza nililoazimia ni kuutoa udongo nyumbani kwetu. Sikumuuliza mtu. Nilijinyima, nikadunduliza mishahara, nikaenda Kasulu likizo ya kwanza na kununua saruji kwa mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi sokoni, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani. Jioni hiyo mifuko ilishushwa kwenye lori na kupangwa uani kwetu. Baba alitoka ndani, akaitazama. Akaupigapiga mfuko wa juu kwa kiganja, kama mtu anayembembeleza mtoto, akasema, "Haya." Basi. Mimi nilisikia shukrani katika neno hilo, kwa sababu ndicho nilichotaka kusikia.

Kesho yake alipokwenda dukani kununua misumari, yule mzee alimpigia kelele mbele ya wateja: "Alhamdulillahi! Fundi, leo hatimaye umesilimu, umeuacha udongo!" Watu walicheka, na baba alicheka pamoja nao.

Aliibomoa nyumba ya zamani kwa siku mbili tu. Yeye hakusema kubomoa, alisema kufumua. Aligonga tofali kwa mpini wa nyundo, tofali likaachia, udongo ukapukutika, mama akalipokea na kulipanga. Tofali baada ya tofali, zima, safi, kama lilivyotoka kwenye tanuri. Niliyaona hayo kwa macho yangu, nimekaa kwenye kiti nakunywa chai, wala sikujifunza kitu. Kisha akaanza kupandisha kuta kwa saruji yangu na matofali yaleyale. Kila asubuhi mama alichota maji akamwagia kuta ili zikauke taratibu na kushika sawasawa. Baba hakuwahi kulipua kazi maishani mwake, hata hiyo hakuilipua. Angelipua kidogo tu, tungeokoa kitu.

Nyumba ikasimama. Majirani wakaiita nyumba ya nesi, na mimi nikawaacha waiite hivyo.

Tangu nikiwa mdogo watu walikuwa wakisema lami inakuja. Ilisemwa kila mwaka, hasa mwaka wa kupiga kura, mpaka ikawa ni salamu tu. Barabara ya kwenda Manyovu ilibaki vumbi kiangazi na utelezi masika, malori ya Burundi yakakwama, sisi tukauza chai kwa madereva waliokwama. Halafu siku moja lami ikaja kweli. Walikuja watu na kamba, vigingi na kopo la rangi nyekundu. Wakapima kutoka katikati ya barabara, na kila nyumba iliyoingia ndani ya kipimo wakaipiga X. Ya kwetu waliipiga kando ya dirisha la sebule. Mama alinipigia simu akasema neno moja tu, "Wamepita," na nilielewa.

Zilikuwa nyumba nyingi, upande wetu wote. Waliokuwa ndani ya hifadhi ya barabara hawakuwa na cha kudai, na kila mtu alijua. Tulipewa notisi ya kuondoa mali zetu wenyewe, na baada ya hapo katapila lingepita.

Hapo ndipo mji ulipomkumbuka baba. Nyumba nyingi za mtaa huo alizijenga yeye, na hata zisizo zake zilijengwa kwa udongo. Alipita kutoka kiwanja hadi kiwanja akionyesha watu. Anza juu. Toa mabati, yapange yasikunjike. Toa papi, zile mbao za paa, ng'oa misumari, iweke kwenye kopo uinyooshe. Toa fremu za milango na madirisha nzimanzima. Halafu ukuta, safu kwa safu, kutoka pembeni, na mpini wa nyundo, si kichwa cha nyundo. Udongo unaopukutika usiutupe, ukande tena. Wiki ile upande mzima wa barabara ulikuwa unafumuliwa. Wanawake walijipanga mistari na kupokezana matofali mkono kwa mkono. Baiskeli zilipita zimebeba matofali mpaka matairi yakalia, na malori yaliyokuwa yakienda mpakani matupu yalipakia nyumba za watu na kuzishusha mashambani mwao. Sijawahi kuona mtaa ukihama hivyo bila kuacha takataka. Zilibaki alama za misingi na vumbi.

Niliomba ruhusa kazini, nikateremka kutoka Kibondo kuja kusaidia ya kwetu. Nilimkuta baba ana furaha ya ajabu, mzee wa miaka ile anaruka kutoka ukuta huu hadi ule. Mmoja wa majirani alimwambia, "Fundi, kazi yako imeturudishia nyumba," na baba akainamisha kichwa kwa haya. Siku hiyo, tumekaa juu ya lundo la mabati ya mtu tunakula ugali wa muhogo na dagaa, ndipo nilipomuuliza kwa nini siku zote amejenga kwa udongo.

Akaniambia. Alipokuwa kijana, wazazi wake waliondolewa kwenye shamba lao la Munanila, enzi watu walipotakiwa wakae pamoja vijijini. Babu alikuwa na nyumba kubwa ya udongo wa kushindilia, kuta nene, isiyoweza kutoka pale ilipo. Aliondoka na mlango. Baba ndiye aliyeubeba kichwani, na walipofika walipopangiwa hapakuwa na ukuta wa kuutia, wakauegemeza kwenye mti. "Nikasema mimi sitajenga hivyo," baba alisema. "Nitajenga nyumba mtu akiambiwa toka, atoke nayo."

Niligeuka nikaitazama nyumba ya nesi, imesimama peke yake kati ya viwanja vitupu, imenyooka, X yake inang'aa.

"Baba," nikasema, "na yetu?"

"Yetu tutaanza kesho."

"Itafumuka?"

Alinawa mikono taratibu, akaniita mwanangu kwa lugha ya nyumbani. "Tutajaribu, mwana wanje. Saruji nayo ni udongo."

Haikuwa kweli, na hakuna mtu aliyejua hivyo kuliko yeye.

Wakati huo kilichokuwa kinatakiwa ni kitu kimoja tu: mama apate kulala kwake kabla ya mvua. Baba alikuwa amerudishiwa kipande cha lile shamba la Munanila na ukoo, na mpango ulikuwa kuihamishia nyumba huko. Hela ya kununua matofali mengine hatukuwa nayo, yangu yote ilikuwa ndani ya kuta zile. Mama tayari alikuwa amepelekwa kukaa kwa shemeji yake, analala jikoni, kwa sababu nyumba kuu ilijaa watoto na wajukuu. Macho yake yalikuwa mabovu, na moshi uliyamaliza. Hakulalamika. Kila tukimpigia simu aliuliza hilo tu, "Mvua haijafika?"

Tulianza asubuhi. Mabati yalitoka vizuri, papi vizuri, milango vizuri. Halafu baba akapanda juu ya ukuta na mpini wa nyundo, akagonga tofali la kwanza. Halikutikisika. Akageuza nyundo. Akachukua tindo, akaiweka kwenye kiungo, akapiga. Tofali likakatika katikati, nusu ikaanguka, nusu ikabaki imeng'ang'ania. Akajaribu la pili, likamong'onyoka. Saruji ilikuwa ngumu kuliko tofali lenyewe, ukilazimisha kiungo kiachie, kinachovunjika ni tofali. Akajaribu kulowesha kwa maji. Akajaribu kuingia kwa pembeni, akajaribu kutoa safu nzima kwa mtaimbo tukidhani itaanguka kama ubao na kuachana chini. Ilianguka ikabaki bonge. Nilichukua tindo ya pili nikapanda upande wangu. Niligonga mpaka viganja vikachubuka, na nilipiga kwa hasira, jambo ambalo baba alinikataza tangu utotoni. Hakunikataza siku ile.

Siku nzima tulipata matofali mazima yasiyojaa toroli. Siku ya pili hivyohivyo. Vumbi la saruji lilikuwa jepesi, jeupe, linaingia puani na kukaa. Baba alianza kukohoa. Mimi ni nesi, nilimfunga kitambaa puani. Akikivuta chini apumue, nakipandisha, anakivuta tena. Majirani waliokuja kutusaidia waligonga wawili watatu, wakatazamana, wakaweka nyundo chini. Hakuna aliyesema neno lolote la kuniumiza, na hilo liliniumiza zaidi. Afadhali mmoja angenicheka.

Siku ya tano notisi ikaisha, na katapila likaja. Dereva wake alikuwa kijana wa adabu kutoka mikoa mingine. Alizima mashine, akashuka, akaamkia. "Shikamoo mzee. Nimeambiwa nipite leo. Nianzie upande wa pili, nikuachie mpaka mchana?"

Baba alitazama kuta. Zilikuwa zimepungua safu mbili tu. "Marahaba. Hapana, mwanangu, fanya kazi yako." Kijana aliporudi kwenye kiti na kusukuma ukuta wa mbele, ukuta haukwenda. Akarudi nyuma, akasukuma tena, mashine ikanguruma na kuinuka kidogo. Baba akamwinulia mkono. Akatembea mpaka kwenye kona ya nyuma, akaweka kiganja chake hapo, akamwambia, "Anzia hapa. Kona hii ndiyo imeshika zote." Kisha akasogea pembeni asimame karibu nami. Kona ikaenda, na nyumba nzima ikafuata.

Msimamizi wa kazi alikuja akaokota bonge moja, akaligeuza mkononi akaridhika. "Hiki ndicho kifusi," alisema. "Zile za jirani zimetuachia vumbi tu. Hiki kinakwenda kujaza pale bondeni kwenye maji." Ndiyo sifa pekee ambayo saruji yangu ilipata. Matipa yakaja, yakapakia sebule, yakapakia chumba cha wazazi wangu, yakaenda kumwaga bondeni palepale ambapo malori ya Manyovu yalizoea kukwama. Yalishindiliwa, kokoto zikamwagwa juu, na lami juu ya kokoto. Leo magari hayakwami. Nikipanda basi kwenda kwetu, napita pale nimefumba macho.

Baba aliomba tipa moja. Alimwendea msimamizi mwenyewe, kofia mkononi, akaeleza kwamba kifusi kinafaa kuwekwa chini ya sakafu. Yule mtu alikubali bila maneno. Kwa hiyo kilichofika Munanila ni mabati, papi, milango, toroli moja ya matofali, na lundo la nyumba iliyosagika. Baba alichimba msingi na kaka zake. Akakijaza kifusi ndani, bonge kwa bonge, kwa mikono, makubwa chini, madogo juu, akashindilia kwa gogo. Kila baada ya kushindilia alikaa chini akashika magoti. Nilimsikiliza kifua, nikajua ninachosikia. Nilimpeleka hospitali, akapewa dawa, akaambiwa apumzike. Akarudi shambani na kuanza kufyatua matofali mapya.

Alikuwa na hesabu zake: kufyatua, kukausha, kuchoma, kupandisha kuta, kuezeka, yote kabla ya mvua. Mama alitoka jikoni kwa shemeji yake akaja kukanda udongo kwa miguu, na macho yale, anapapasa kibao cha kufyatulia. Nilirudi kazini Kibondo kwa sababu ruhusa ilikwisha. Kila Jumamosi nilifunga safari, na kila Jumamosi safu za matofali mabichi chini ya nyasi zilikuwa zimeongezeka, na baba amepungua. Nilimbembeleza. Nilimfokea. Nilimwambia nitakopa, tununue. Alisema, "Haya," kwa sauti ileile, akaendelea.

Mara moja nilimuuliza waziwazi. Tulikuwa wawili, nampikia uji. "Baba, siku ile nilipoleta saruji, mbona hukuniambia?"

"Kukuambia nini?"

"Kwamba haifumuki."

Aliomba sukari. Nikamwekea, akasema uji ni mzuri.

Alifariki wiki ambayo matofali yalikuwa yamekauka na kuni za tanuri zimeshakatwa. Tanuri lilikuwa halijapangwa. Tulimzika hapohapo shambani, na kaburi lake lilijengewa kwa yale matofali ya toroli, kwa kuwa ndiyo pekee yaliyokuwa yamechomwa. Kaka zake waliniuliza kama waweke saruji au udongo. Niliwaachia waamue wenyewe.

Mvua ilikuja siku ya tatu ya msiba, mchana, watu wakiwa bado wamekaa uani. Wote tulikimbilia kwenye vibaraza vya nyumba za kaka zake baba, kisha nikayakumbuka matofali, nikatoka mbio na turubai. Turubai lilifunika safu mbili. Nilirudishia nyasi juu ya zingine, maji yakazipita. Mama alinifuata akipapasa njia, nikampigia kelele arudi, hakurudi. Tukasimama wawili chini ya ncha ya lile turubai nikiyatazama matofali ya mwisho ya baba yanavyolainika, pembe kwanza, halafu yanakaliana, halafu huoni tena lipi ni lipi. Nililia kwa sauti. Nikamwambia mama kwamba ni mimi. Kwamba kama nisingeleta saruji, sasa hivi angekuwa ndani kwake, na baba yuko hai analalamika chai haina majani. Ningejua, nikasema, ningejua, nisingeleta.

"Wewe hukujua," mama alisema. "Yeye alijua."

Nikamgeukia.

"Siku ileile alijua. Tulipobaki wawili akaniambia, mke wangu, lami ikija tutatoka hapa na mabati tu. Nikamwambia, nenda kamwambie mtoto, saruji irudi dukani, bado haijafunguliwa."

"Akasemaje?"

Mama alijifuta maji usoni kwa upande wa kanga. "Alisema, nimwambieje? Hukumwona alivyokuja? Amepanda juu ya lori, amekaa kwenye mifuko kama bibi harusi, nywele zote nyeupe kwa vumbi, anapungia watu wa mtaa mzima, anacheka. Akasema, sijamwona akicheka hivyo na kuwa wangu tangu aanze shule."

Ni kweli nilicheka siku ile. Nilicheka kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza nimepita mtaani kwetu bila kumwonea baba yangu haya.